Unataka kuwa mtafiti wa ndege? Anzia hapahapa Dodoma, darubini itakuja baadaye

Mbukwenyi wadau. Naandika hii kwa sababu kila mwezi napata meseji mbili tatu za vijana wa form six na wa chuo, wote wanauliza kitu kilekile, kaka nawezaje kusomea ndege, na kabla sijajibu inabidi nihakikishe tunaongelea ndege gani maana Kiswahili hapa kimetuwekea mtego. Mama yangu aliwaambia majirani kule Bahi kwamba mwanae anasomea ndege, basi miaka miwili mtaa mzima ulijua mimi ni rubani, nikirudi likizo viatu vimejaa tope watu wananiangalia tu hawasemi. Kwa hiyo tuelewane mapema, mimi naongelea ndege anaruka, siyo ndege inaruka.

Kazi yenyewe kwa ufupi ina pande mbili. Ikolojia ni kujua ndege anaishi wapi, anakula nini, anahama lini, na kwa nini hapa wapo kibao halafu kilomita tano mbele hakuna hata mmoja. Tabia ni anachokifanya na kwa nini anakifanya, anavyochagua mwenza, anavyojenga, anavyogombana. Watafiti wengi wanafanya vyote viwili kwa sababu huwezi kutenganisha sana.

Sasa wengi mnaanzia pabaya. Mnaanza kwa kuuliza bei ya darubini. Anza na swali, tena swali ambalo limekusumbua wewe mwenyewe, siyo ulilolitoa intaneti.

La kwangu lilitoka shambani. Sisi tulikuwa tunaamia ndege kwenye mtama na uwele toka giza halijaisha, umepanda kichanja, manati shingoni, debe la kupiga, unapiga kelele mpaka sauti inakata, na lile wingu la kwelea linashuka upande wa pili wa shamba kama vile limekuona wewe uko upande huu. Ila kilichokuwa kinanisumbua siyo ulafi wao, ni kwamba kuna kipindi walikuwa wanapotea kabisa. Mvua za Desemba zikishapiga sawasawa, hao, hamna, wazee wanasema wameenda kwao. Kwao wapi sasa? Nimefika chuo ndio nakuta kuna bwana anaitwa Peter Ward alishalifanyia kazi swali hilo toka miaka ya 1960, na jibu lake ni zuri mpaka niliona wivu. Kwelea anaishi kwa mbegu za nyasi zilizodondoka chini. Mvua ikinyesha zile mbegu zinaota zote kwa pamoja, yaani ghala lote linageuka majani mabichi ndani ya siku chache, hamna cha kula. Kwa hiyo anajijaza mafuta mwilini, anaruka kuivuka mvua, anaenda kutua kule ilikoanza kunyesha wiki kadhaa nyuma ambako nyasi zimeshatoa mbegu mpya. Baadaye na huku nyuma nyasi zikishazaa ndio wanarudi, wanatafuta migunga wanajenga viota maelfu kwa maelfu na kutaga karibu siku zilezile. Ndege wa gramu 20 hivi anafanya hesabu ya mvua kuliko mimi na simu yangu.

Na huyohuyo Ward mwaka 1973 pamoja na mwenzake Amotz Zahavi wakaja na wazo lingine, kwamba ndege kulala kundi kubwa inawasaidia kupeana habari, yaani aliyeshinda njaa jana, asubuhi anawafuata walioshiba. Wazo hili limebishaniwa sana toka hapo na mpaka leo watu wanalijaribu kwa ndege tofauti. Ninachotaka uone ni kwamba haya yote yametoka kwa ndege ambaye wewe unamrushia mawe.

Kwa hiyo usikimbilie kusema nataka kusoma tai au flamingo kwa sababu wanapendeza kwenye picha. Dodoma na mikoa ya jirani tuna ndege ambao hawapatikani nje ya Tanzania na wanatembea tu barabarani. Kwezi wa kijivu, yule mwenye mkia mrefu asiye na mng'ao, ni wa Tanzania peke yake. Cherero, wale kasuku wadogo wenye shingo ya njano wanaopiga kelele kwenye mibuyu, asili yao ni hapa nchini, wazungu wanawafuga ndani kwao na wewe unapita chini yao unaenda kununua chipsi. Ukienda upande wa Ruaha kuna hondohondo mdogo mwenye mdomo mwekundu ambaye mwaka 2002 ndio wanasayansi walimtenga kama spishi yake peke yake. Na milima ya Rubeho, hiyo ya upande wa Mpwapwa na Kilosa, ina kwale wa msituni aliyekuja kujulikana mwaka 2000, ndugu yake wa Udzungwa alijulikana 1991, tena huyo wa Udzungwa watafiti walianza kushtuka baada ya kuona miguu ya ndege wasiyemjua kwenye sufuria ya mboga. Ndugu zao wa karibu wako Asia. Sufuria ya mboga jamani.

Baada ya swali ni daftari. Siyo simu. Daftari la jalada gumu na penseli, penseli kwa sababu wino ukinyeshewa unakwisha wote na nimeshalia kwa ajili hiyo. Kila ukitoka unaandika tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mahali, hali ya hewa, nani umemuona, wangapi, wanafanya nini. Na siku ambayo hujaona kitu andika pia kwamba hujaona kitu! Hii watu hawaielewi, sifuri ni data kabisa, bila sifuri huwezi kujua ndege kapungua au wewe ndio hukwenda.

Ngoja niwaambie nilivyoharibu mimi mwaka wa tatu. Mradi wangu wa mwisho nilihesabu ndege wa maji bwawa la Hombolo, mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, nikaandika ripoti nzuri kwamba ndege wanaongezeka sana kadri mvua inavyoendelea. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu, ulikuwa unafika saa ngapi. Nikaangalia daftari. Mwanzoni nilikuwa nategemea gari ya asubuhi nafika saa tatu na nusu jua kali, baadaye nikapata bodaboda wa kunipeleka alfajiri nafika saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo nilichokuwa nimepima kwa miezi mitano ni maendeleo ya usafiri wangu. Nilirudia sehemu kubwa. Tokea hapo sheria yangu ni muda uleule, sehemu zilezile, dakika zilezile, kama ni dakika kumi kila pointi basi ni kumi, na mtu yuleyule anayehesabu au mnapishana kwa mpangilio unaoeleweka. Kwa huku kwetu muda mzuri ni toka jua linachomoza mpaka saa tatu hivi, likishapanda ndege wananyamaza na wewe ubongo unachemka.

Halafu kuna hili la kwamba ndege usiyemuona siyo lazima hayupo. Kwenye vichaka vya Itigi unaweza kupitwa na ndege kumi bila kumuona hata mmoja, kwenye mbuga ya Bahi unamuona korongo akiwa mbali kabisa. Ukilinganisha namba za sehemu hizi mbili hivihivi unajidanganya. Ndio maana watu wanakadiria umbali wa kila ndege wanayemuona halafu hesabu zinasaidia kurekebisha. Na sauti. Jifunze sauti kuliko rangi, robo tatu ya ndege wangu porini nawasikia tu. Kuna tovuti ya xeno-canto ina rekodi za bure za ndege wa dunia nzima, pakua ukiwa na bando, sikiliza ukiwa kwenye daladala.

Upande wa tabia mambo ni tofauti kidogo, hapo unakaa na ndege mmoja muda mrefu. Mtu akianza anaandika kila kinachomvutia, mapigano, kelele, kupandana, na hataandika zile dakika arobaini ambazo ndege kasimama tu, mwisho wa siku data inasema ndege wanapigana masaa yote. Jeanne Altmann, aliyekuwa anafuatilia nyani kule Amboseli Kenya, aliandika mwaka 1974 jinsi ya kuepuka kosa hili na mpaka leo tunafuata. Chagua ndege mmoja umfuate kwa muda uliopanga kabla, au kila baada ya dakika kadhaa piga jicho kundi zima na uandike kila mmoja anafanya nini sekunde hiyohiyo. Kabla hujaanza tengeneza orodha ya matendo na maana zake, kula ni nini, kukagua ni nini, ili wewe na mwenzako msiandike vitu viwili kwa jina moja.

Na ukishaona tabia usiulize "kwa nini" kizembe. Niko Tinbergen, huyu alipata Nobel mwaka 1973, alisema kuna kwa nini nne. Chukua hondohondo. Jike anaingia kwenye tundu la mti, anaziba mlango kwa kinyesi na matope anabakisha upenyo mwembamba, dume analisha kupitia hapo mpaka watoto wanakua. Unaweza kuuliza nini mwilini au nje kinamfanya aanze kuziba leo na siyo jana (mvua? homoni?). Unaweza kuuliza inamsaidia nini, kukwepa nyoka na nguchiro au kumbana dume asitoroke. Anajifunza au anazaliwa nalo. Na babu zake wa zamani walianzaje. Maswali manne, majibu manne, na ukiyachanganya unabishana na watu mwaka mzima kumbe kila mtu anajibu swali lake.

Sasa vibali, hapa ndio watu wanakwama, na mimi nilikwama vibaya. Dodoma hii ya sasa mtu akikuona kijijini na darubini na jipiesi hafikirii ndege, anafikiria viwanja. Kuna kijiji kimoja sikitaji, nilifika na daftari langu nikaanza kupima umbali kati ya mibuyu yenye viota vya cherero, ndani ya nusu saa nimezungukwa na akina mama na jembe, wanataka kujua mashamba yao yanapewa nani. Na walikuwa na haki kabisa, nilikuwa sijapita kwa mtu yeyote. Utaratibu ni barua ya utambulisho toka chuo, inaenda kwa Katibu Tawala, inashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, halafu mwenyekiti wa kitongoji, na yule mzee ambaye hana cheo chochote lakini bila yeye hamna kitu. Ukienda hifadhini kuna TAWIRI, ile taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na wenye eneo, na kibali cha utafiti kuna COSTECH, yaani tume ya sayansi na teknolojia, waulize mapema sana, siyo wiki mbili kabla ya fildi. Na tafadhali usiinue darubini karibu na Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi au ule mji wa serikali Mtumba eti umeona mwewe. Mwewe mwache aende.

Kushika ndege kwa mkono ni kitu kingine. Ile ya kutega nyavu laini, kuwavalisha pete mguuni, kupima bawa na uzito, huwezi kujifunza kwa video. Unafundishwa na mtu mwenye leseni, unashika ndege mamia ukiwa chini yake. Nyavu zinakaguliwa kila baada ya dakika ishirini hivi, jua likiwa kali unafunga, ndege akianza kuhema mdomo wazi unamwachia hata kama hujapima. Kondoa kuna watu wanatega kwelea kwa ajili ya chakula toka zamani na wanajua kumtoa ndege kwenye wavu kuliko sisi wenye digrii, mimi nilikaa nao, walinicheka siku tatu. Ila nikuonye, sehemu iliyopuliziwa sumu ya kwelea usiokote ndege aliyekufa kwa mikono mitupu, na ukiona watoto wanaokota kwa kula wazuie, ile fenthioni haichagui kwelea na mtu.

Hao wenyeji ndio nataka niwaongelee kidogo zaidi. Mnamjua mlembe, yule ndege anayekuita kwa kelele mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini ili wewe utoe asali yeye ale nta? Miaka mingi wasomi wengine walikuwa wanachukulia ni hadithi za warina asali. Mkenya Hussein Isack akaenda kukaa na Waborana kaskazini mwa Kenya, akapima, na mwaka 1989 yeye na Heinz-Ulrich Reyer wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba bila ndege watu walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga na wakiwa na ndege saa 3.2. Halafu juzi hapa 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood wakaonyesha kwamba mlembe anajua lugha ya nyumbani, wale wa kwa Wahadzabe huku ziwa Eyasi waliitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji, na wa Msumbiji nao waliitikia zaidi mwito wa Kiyao. Eyasi siyo mbali na sisi. Kila hatua kwenye kazi hiyo kuna mtu wa pale kijijini aliyejua kwanza, kwa hiyo ukipata msaidizi wa kijijini mlipe siku zake zote, mwandike jina lake kwenye shukrani, na kama mawazo ni yake basi mwandike kama mwandishi mwenzako. Naona watu wanakwepa hili na sipendi.

Shule. Sekondari chukua baiolojia na usiitupe hisabati, nasisitiza HISABATI, kwa sababu nusu ya maisha yangu niko mbele ya kompyuta na R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure, nikitafuta mabano niliyosahau kufunga. Digrii ya kwanza inaweza kuwa wanyamapori pale SUA, Mweka kule Moshi, zoolojia UDSM, au baiolojia hapahapa UDOM, haina shida sana, wanaokutazama baadaye wanaangalia ulichofanya. Kwa masta ya masuala haya kuna chuo cha Nelson Mandela Arusha, na nje kuna taasisi za utafiti wa ndege, APLORI pale Jos Nigeria na FitzPatrick Cape Town, hizi mbili zimezalisha watafiti wengi wa ndege barani. Unapotafuta msimamizi usitume barua ya "Dear Sir naomba skolashipu". Soma kazi zake mbili, mwandikie mistari kumi, mwambie una swali gani na una data gani. Ukisema una miaka miwili ya kuhesabu bwawa moja kila wiki atakujibu, niamini, wengi wanaomwandikia hawana hata wiki moja.

Hela, najua mnasubiri hapa. Utafiti mdogo wa mwanzo unaweza kuomba hela kwa mfuko wa Rufford au klabu ya African Bird Club, wanatoa kwa vijana wa nchi zetu na fomu zao zinaeleweka. Ajira za moja kwa moja siyo nyingi, TAWIRI, vyuo, TAWA, TANAPA, mashirika kama Nature Tanzania, na wanaoomba ni wengi. Ila kuna kazi ambazo vijana hawazioni. Mradi mkubwa unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na mitambo ya umeme wa upepo kama inayoongelewa Singida lazima mtu aseme ndege gani wanapita pale, urefu gani, mwezi gani. Uwanja wa ndege wa Msalato nao utahitaji watu wa kuzuia ndege wasiingie kwenye injini ya ndege, hapo sasa mama yangu na majirani wote watakuwa sahihi. Kazi hizi zinalipa vizuri kuliko mshahara wa msaidizi wa utafiti, ubaya wake ni presha ya kuandika kile mwenye mradi anataka kusikia. Mimi nimewahi kurudisha kazi moja kwa sababu hiyo, na sikulipwa nauli.

Kuchapisha usiogope. Siyo lazima uanze na makala kubwa, majarida kama Scopus la Afrika Mashariki na Ostrich la kusini yanachukua hata taarifa fupi, mfano kiota cha ndege ambacho hakijawahi kuelezewa vizuri, na ndege wetu wengi viota vyao havijaelezewa vizuri. Yangu ya kwanza ilikataliwa mara mbili. Mhakiki mmoja aliandika kwamba mwandishi hajui tofauti ya kuona na kudhani, nikakasirika wiki nzima halafu nikasoma tena nikaona ni kweli, aya ya tatu yote nilikuwa nadhani. Na ukimaliza rudi kijijini ukawaambie, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, na picha. Wanaouliza maswali magumu ni wao, kwenye mkutano wa kisayansi watu wanakupongeza tu.

Kwa anayetaka kuanza wikendi hii, nenda Hombolo. Lala huko Ijumaa kama hauna usafiri wa alfajiri. Kaa upande wa mashariki wa maji ili jua likichomoza liwe mgongoni kwako, ukikaa upande mwingine utaona vivuli vyeusi tu na utaita kila kitu bata. Hesabu dakika kumi, pumzika tano, hesabu tena, hadi saa tatu. Bila darubini hesabu wakubwa tu, korongo, yangeyange, mnandi, wadogo waache kwanza. Beba maji ya kutosha na kofia, na Jumamosi inayofuata uwe umekaa palepale kwenye jiwe lilelile.